Dada Pasi na Meseji za Kitinda

Watu wa mtaa ule walimwita Dada Pasi, na jina lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Alikuwa mwanamke wa mikono mipana na maneno machache, aliyepiga pasi nguo za watu sebuleni kwao, mlango ukiwa wazi kutwa ili hewa ipite. Meza yake ya kazi ilikuwa mlango wa zamani wa chumbani, uliong'olewa bawaba, ukalazwa juu ya miguu ya mbao na kuvishwa blanketi. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, na humo ndimo alimopitisha waya wa pasi. Dirishani zilining'inia nguo zilizokwisha kunyooshwa, na upande wa ukutani, kwenye kiti chenye mito miwili, alikaa mama yake.

Mama alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema upasuaji upo, ila kwanza sukari ishuke, na sukari ya Mama ilikuwa na kichwa kigumu kama mwenyewe. Kwa hiyo watu wote aliwaona kama vivuli vyenye sauti. Mguu wa kushoto nao ulikuwa ukimsumbua. Akawa mtu wa kukaa tu, na kwa kuwa hakuwahi maishani kukaa bure, akajipa kazi ya kusimamia.

"Dada, hiyo pasi inanukia."

"Dada, hii chai au maji ya kunawia?"

"Dada, umemwacha mteja mlangoni kama mdai. Mkaribishe!"

Dada Pasi alijibu "Ndiyo, Mama," akanyunyiza maji kwenye kola na kusukuma pasi mbele. Kugombezwa alikuwa amekuzoea. Kilichomkata maini kilikuwa ile simu iliyolala mapajani mwa Mama.

Simu hiyo iliwaunganisha na Kitinda, mdogo wake, mtoto wa mwisho wa nyumba ile, aliyezaliwa Mama akiwa ameshakata tamaa ya kupata mwingine. Kitinda alifanya kazi mapokezi katika hospitali moja kubwa ya mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Kazini hakuruhusiwa kupiga simu, na katika chumba alichopanga alilala pamoja na wauguzi wa zamu, wenye kulala saa ambazo wengine wako macho. Basi akawa anaandika. Alijaribu kutuma sauti, Mama akakataa katakata.

"Sauti inakimbia," alisema. "Maandishi yanakaa. Nikiyataka nasomewa tena."

Wa kumsomea tena na tena alikuwa nani, kama si Dada Pasi?

Simu ikilia, pasi ilisimamishwa wima, mikono ikafutwa kwenye gauni, na usomaji ukaanza. Kitinda, ambaye alipokuwa nyumbani alikuwa anaweza kumaliza siku nzima bila kuosha kikombe wala kumwambia mtu neno la maana, kwenye simu alikuwa na ulimi wa asali. "Mama yangu mzazi, leo mvua imepiga hapa dirishani nikakumbuka ulivyokuwa ukinifunika shuka mpaka kidevuni. Sijapata tena shuka lenye joto kama lile."

Dada Pasi alisoma maneno hayo. Miaka ile Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuoka mikate kiwandani, akirudi hoi. Aliyemfunika Kitinda shuka mpaka kidevuni alikuwa yeye, Dada, msichana wa shule mwenye usingizi wake mwenyewe machoni.

"Rudia hapo kwenye shuka," Mama alisema.

Akarudia.

Kibaya zaidi kilikuwa kujibu. Mama alijiweka sawa kitini, akarekebisha kitambaa cha kichwa kana kwamba mgeni ameingia, akasafisha koo, na sauti yake ikageuka. Ile sauti ya "Dada, mlango!" ikaenda zake, ikaja nyingine, laini, ambayo Dada Pasi hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake tangu azaliwe.

"Mwandikie: Nuru ya macho yangu. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Pumzi yangu. Kila nikisikia simu inalia moyo wangu unaruka. Mimi siumwi popote. Nakula vizuri, nalala vizuri, usiwe na wasiwasi hata chembe." Na hapo alikuwa ameamka akigumia kwa mguu, ameisukuma sahani pembeni akidai chakula hakina chumvi. "Malizia kwa kusema, dada yako hajambo."

Dada yako hajambo. Ndivyo ilivyomalizika kila meseji. Kutwa kucha alikuwa pale akipika, akifua, akichua ule mguu, na katika maneno yote matamu yaliyotoka kinywani mwa Mama, yake yeye yalikuwa hayo tu, na aliyaandika kwa kidole chake mwenyewe. Wivu ulimpanda mpaka akahisi masikio yanawaka.

Siku moja Mama alizidisha utamu. Alimwambia Kitinda kwamba akifumba macho anamwona wazi kuliko watu waliomo ndani ya nyumba. Dada Pasi alibaki ameikodolea simu, kidole hewani, na hakukumbuka kwamba safari hii pasi hakuisimamisha. Ilikuwa imelala kifudifudi juu ya shati jeupe la Mwalimu, jirani yao.

"Dada," Mama alisema kwa sauti yake ya kawaida, "hiyo pasi inanukia. Safari hii kweli."

Mwalimu alipokuja aliliinua shati mbele ya mlango, akamchungulia Dada Pasi kupitia tundu lililoungua, lenye umbo la pasi. "Kumbe siku hizi unanipigia na muhuri," alisema, akacheka, akasema atalivaa ndani ya koti na hakuna atakayejua. Dada Pasi hakucheka. Aliona aibu ya mtu aliyevuliwa nguo, na aibu hiyo yote akaibebesha Kitinda.

Tangu hapo akaanza kupunguza. Mama akisema "nuru ya macho yangu, pumzi yangu", yeye aliandika "mwanangu" akapita. Mama akisema moyo unaruka, yeye aliandika "tumepata ujumbe wako". Na meseji za Kitinda zikifika alizisoma mbiombio kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa, akiruka mashuka na mvua.

"Ndiyo yote hayo?" Mama aliuliza.

"Ndiyo yote."

"Mbona fupi? Hajachoka kweli huyo? Hajaugua?"

Mama akanyong'onyea. Dada Pasi alimwona akiishika simu kwa mikono miwili, akiipapasa kioo kana kwamba maneno mengine yamenasa humo. Akamwonea huruma, na huruma hiyohiyo ikamchoma zaidi, maana alijiuliza: mimi nikikaa kimya wiki nzima, nani atauliza kama nimeugua?

Jambo lenyewe lilimtoka bila kupanga. Ilikuwa asubuhi ya nguo nyingi, sare za shule zimerundikana hadi kwenye kochi, na Mama amegomba tangu alipoamka. Simu ikalia. Kitinda aliandika kwamba yuko salama, kazi nyingi, anawasalimu. Dada Pasi akasoma, akafika mwisho, na ulimi wake ukaendelea wenyewe.

"Anasema pia, Mama, umshukuru Dada. Anajua kazi anayoifanya hapo nyumbani si ndogo. Anasema yeye asingeiweza."

Pasi ilikuwa ikitoa mvuke. Mama aligeuza uso kuelekea kile kivuli kilichosimama mezani.

"Kitinda kasema hivyo?"

"Kaandika hivyo."

"Basi kasema kweli," Mama alisema taratibu. "Asante, mwanangu. Asante sana."

Dada Pasi alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu utotoni. Sasa yamekuja, akayapokea amesimama, shati la mtoto wa watu mkononi, na kwa muda mfupi kifua chake kikajaa. Halafu kikapwaya. Mama alikuwa amemshukuru kwa sababu Kitinda kaagiza. Hata shukrani yake mwenyewe ilibidi ipitie kwa Kitinda.

Ungedhani hapo angeacha. Hakuacha. Ukishaonja kitu ulichokuwa na njaa nacho huangalii tena kimepikwa na nani. Kila meseji ikawa na kijisehemu chake. Kitinda kasema upakwe dawa ya mguu bila kugomba; Mama akanyoosha mguu, kimya. Kitinda kasema chai ya Dada ni nzuri kuliko ya hospitalini kwao. Mama akanywa, akasifu. Kitinda kasema usiongeze sukari. Mama akalisukuma bakuli la sukari mwenyewe. Nyumba ikatulia. Wateja walisimama mlangoni wakashangaa kutosikia makelele. Na Dada Pasi, aliyeleta amani hiyo kwa kinywa chake, akazidi kumwonea mdogo wake kijicho, kwa sababu maneno hayohayo alikuwa ameyasema miaka na miaka kwa jina lake mwenyewe, yakapita kama upepo.

Kitinda akapata likizo, akaja.

Aliingia na begi la magurudumu na nywele zilizosukwa vizuri, akamkumbatia Mama, na Mama akalia, akampapasa uso, mabega, mikono. Dada Pasi alitazama akiwa na birika la chai mkononi. Alikuwa amejiandaa kuumia, akaumia.

Lakini siku iliyofuata, mambo hayakwenda alivyotarajia. Kitinda alikaa kwenye kochi karibu na Mama na hakuwa na la kusema. Mama alimuuliza habari za kazi, akasema nzuri. Akamuuliza habari za wenzake, akasema wazima. Kisha akatoa simu yake, akainama, na uso wake ukaanza kucheka na kukunjamana kwa mambo ya watu wasiokuwepo. Mama alikuwa ameweka mkono wake juu ya mto, kiganja wazi, mahali ambapo mtu angeweza kuushika. Ulikaa hapo muda mrefu. Dada Pasi aliuona kutoka mezani, akauma mdomo.

"Kitinda yuko wapi?" Mama aliuliza hatimaye.

"Niko hapa, Mama," Kitinda alisema bila kuinua macho.

Siku kadhaa zikaenda hivyo. Jioni moja, wote watatu wakiwa sebuleni, Mama aliiokota simu yake mapajani akainyoosha mbele.

"Dada, hebu nisomee zile meseji za Kitinda."

Kitinda akainua kichwa. "Mama, mimi si niko hapa? Niulize unachotaka."

"Wewe kaa tu, mwanangu, pumzika," Mama alisema kwa upole. "Nataka kusikiliza kidogo."

Dada Pasi alimwona mdogo wake akibadilika uso. Kitinda alitazama ile simu kama mwanamke anavyomtazama mke mwenzake. Na Dada Pasi, Mungu amsamehe, akafurahi. Akazima pasi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kusoma, na safari hii hakuruka kitu: mvua, dirisha, shuka. Alisoma kwa sauti ya kujaza chumba, ili mwandishi wake asikie vizuri.

Akasoma moja, akasoma nyingine. Kwa kunogewa akasahau nyongeza zake, na meseji ya tatu akaisoma kama ilivyoandikwa, akafika kwenye salamu, akanyamaza.

"Umeruka," Mama alisema.

"Sijaruka, Mama."

"Umeruka. Hapo kuna pale anaposema nimshukuru Dada, kwamba yeye asingeiweza kazi hii. Mimi sioni, lakini sijawa kiziwi. Maneno hayo nimeyashika kwa moyo. Soma."

Dada Pasi aliitazama simu. Hakuthubutu kuinua macho, ila alisikia kochi likilia, Kitinda akiinuka. Akajua sasa yamekwisha, ataumbuliwa mbele ya Mama, na atastahili.

Kitinda aliichukua simu mkononi mwake. Akaangalia pale palipokuwa hapana kitu. Akamwangalia dada yake, jicho kali, la mtu aliyeelewa na hakupenda alichokielewa.

"Naona, ni hapa," alisema. Akasoma polepole: "'Mama, umshukuru Dada. Kazi anayoifanya hapo nyumbani si ndogo. Mimi nisingeiweza.'" Akaongeza, bila kuangalia simu, "'Hata kwa wiki moja.'"

"Hilo la wiki moja silikumbuki," Mama alisema.

"Lipo, Mama."

Asubuhi yake, Mama akiwa bado kitandani, Kitinda alimfuata dada yake uani alikokuwa akianika mashuka ya wateja. Walisimama kila mmoja upande wake wa kamba.

"Umenitia maneno mdomoni."

"Nimekutia. Na wewe uliniibia ya kwangu. Aliyekufunika shuka ni nani?"

"Ni wewe," Kitinda alisema. "Unadhani nimesahau?"

"Sasa kwa nini ulimpa Mama?"

Kitinda alilivuta shuka likanyooka. "Kwa sababu ningemwandikia nini? Mama alikuwa hayupo, Dada. Alikuwa kazini au kalala. Nikikaa pale hospitalini saa ya mapumziko, nataka kuwa na mama wa kumwandikia, natafuta, namkuta ni wewe. Basi nabadilisha jina. Pale kwenye benchi inakuwa rahisi, maneno yanakuja yenyewe. Nikifika hapa, nikimwona vile alivyo, yananikauka."

"Na mimi hukuniandikia hata siku moja."

"Wewe ungeniambia niache upuuzi nikale."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli ilimkera. "Wewe kwa Mama ni nuru na pumzi," Dada Pasi alisema. "Mimi ni 'Dada, hiyo pasi inanukia.'"

"Pumzi gani? Siku hizi naandikiwa 'mwanangu, tumepata ujumbe wako'. Nikadhani kanichoka." Kitinda aliona uso wa dada yake, akaelewa na hilo pia. "Ala! Kumbe na hapo ni wewe?"

Dada Pasi aliokota kibanio cha nguo kilichoanguka, akachukua muda kuinuka.

"Huo mguu sikuwahi kuambiwa," Kitinda alisema. "Nimekuja nimekuta hawezi kutembea hadi mlangoni. 'Siumwi popote, nakula vizuri.' Mgeni ndiye huandikiwa hivyo. Wewe anakugombeza, anakugumia, anakurudishia chai. Unafikiri mimi sioni wivu?"

Dada Pasi alifikiri kwamba wivu wa kukosa kugombezwa ni wivu wa mtu mwenye nafasi, na kama Kitinda anautaka, achukue ule mguu aende nao kwenye basi. Lakini hakulisema. Wakamaliza kuanika, mmoja akashika ncha hii, mwingine ile.

Likizo ikaisha, Kitinda akaondoka. Mlangoni Mama alilia tena, na Dada Pasi akaumia tena, pungufu kidogo tu.

Kutoka huko meseji zikaja nyingine kabisa. "Mama, leo nimechoka, kuna mtu kanitukana mapokezi nikajifungia chooni nikalia. Mguu vipi? Sema kweli." Dada Pasi alisoma kila neno, bila kutoa wala kutia. Mama alisikiliza hadi mwisho akakunja uso.

"Huyu siye Kitinda wangu. Nani kamharibu?"

Dada Pasi akageukia rundo la suruali ili asicheke. Kwa siku kadhaa alikuwa na furaha mbaya moyoni, ya kuona mtoto wa asali naye ameonjwa akakutwa na chumvi. Lakini furaha hiyo haikudumu. Siku moja Mama, akiwa ameanza na "siumwi popote", alisita.

"Futa hapo," alisema. "Mwambie mguu unaniuma. Mwambie usiku unapanda mpaka kiunoni. Na mwambie huyo aliyemtukana angekuwa hapa ningempa makavu yake."

Kitinda akajibu palepale, Mama akajibu jibu, na asubuhi yote ikaenda wakilalamikiana, yule miguu ya kusimama mapokezi, huyu mguu wa kushoto, Mama akicheka mpaka machozi. Dada Pasi katikati yao, akiandika na kusoma, kazi imesimama. Na akagundua, kwa mshangao, kwamba anauonea wivu hata huo mguu. Ulikuwa wake. Maumivu ya Mama ndiyo mali pekee aliyokuwa hagawani na mtu, na sasa yanasafiri kwenye simu kama kila kitu kingine.

"Na mimi miguu inaniuma," alisema ghafla.

"Kitinda kaandika?" Mama aliuliza.

"Hapana. Ni mimi ninayesema. Mimi, Dada. Nasimama hapa kutwa, na miguu inaniuma, na wewe hujawahi kuuliza."

Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alipunguza mwendo, kisha akaenda zake. Mama alikaa akigeuzageuza pete kidoleni.

"Wewe si unasema kila siku kwamba uko sawa?" alisema mwishowe. "Kila nikiuliza, 'ndiyo, Mama.' Nikakuamini."

Dada Pasi alijaribu kukumbuka kama Mama aliwahi kumuuliza. Akakumbuka kwamba aliwahi, zaidi ya mara moja, na kwamba alijibu huku akisukuma pasi.

"Zima hiyo kitu ukae," Mama alisema. "Lete hiyo miguu."

"Nguo za watu, Mama."

"Watu wana nguo nyingine. Kaa."

Akazima, akakaa chini kwenye mkeka mbele ya Mama, miguu akaielekeza kitini kwake. Mama aliinama kwa shida, akaupapasa mguu mmoja, akaanza kuubonyeza kwa vidole vilivyokuwa vikikanda unga miaka yote ile. Bado vilikuwa na nguvu. Simu ililia juu ya mto, na Dada Pasi akajikaza mwili mzima, akingoja.

Mama aliendelea kubonyeza. Simu ikalia mara ya pili. Dada Pasi alihesabu pumzi za mama yake, akajua anavyojizuia, akajua pia kwamba hatafika mbali.

"Ni yeye?" Mama aliuliza.

"Ni yeye."

"Mguu wa pili kwanza," Mama alisema. "Halafu utanisomea."